Vilio Visubiri

Sentensi niliyoiandika vizuri kuliko zote haimo katika riwaya yangu. Ilisomwa redioni, kaskazini mwa Katanga, asubuhi na jioni, na watu wakaitii.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba moja ya mtaa wa Golf, Lubumbashi, iliyogeuzwa kuwa ofisi, yenye maua mbele na jenereta nyuma. Jiolojia nilisoma kwa sababu baba alitaka awe na binti mmoja mwenye kazi inayoeleweka. Kuandika nilijifunzia Bel-Air, mtaa wa kwetu, uani kwa rafiki, ambako kila Jumamosi tulikutana vijana wachache kusomeana kurasa zetu na kugombana juu ya mahali pa koma. Watu wa kwetu wanajua shaba na kobalti. Nilipowaambia kwamba ofisi yetu inatafuta mafuta ya petroli, walinicheka. "Mafuta mu Katanga? Labda ya mawese!"

Kazi yenyewe si kuchimba, ni kusikiliza. Malori mazito yanapelekwa porini, yanashusha bamba la chuma na kuitetemesha ardhi. Mtetemo unashuka, unagonga tabaka za mawe, na mwangwi wake unarudi juu, ambako unangojwa na vidude vidogo vilivyochomekwa udongoni, tunavyoviita jiofoni. Ukizipanga jiofoni katika mstari mmoja tu, unaiona ardhi kama mkate uliokatwa kwa kisu, upande mmoja. Ukizitandaza kama wavu, mistari yao ikienda huku na njia za malori zikiikata, unapata mkate mzima: urefu, upana na kina. Wavu huo tuliuchora sisi, kwenye kompyuta, kabla lori lolote halijawashwa. Rekodi ziliporudi, tulizisafisha.

Mimi nilikuwa upande wa kusafisha. Jiofoni haichagui. Inasikia mwangwi uliotoka chini sana, dhaifu kuliko pumzi, na wakati huohuo inasikia mbuzi, baiskeli, matone ya mvua, mwanamke anayetwanga mihogo. Hayo yote ya juu sisi tunayaita kelele. Nilikaa siku nzima mbele ya kioo cha kompyuta nikitafuta kelele za watu ambao sitawaona kamwe na kuzifuta, ili mawe yaweze kusikika. Nilikuwa naipenda kazi hiyo. Nilidhani inafanana na kuandika.

Mkuu wetu, ambaye sote tulimwita chef, alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo, asiyeweza kutazama ramani bila karanga mkononi. Mwanzoni mwa kiangazi, malori yalipokuwa yanajiandaa kwenda kaskazini, aliniita, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha mjini, ambamo "ndiyo" ni "njo" na "watu" ni "bantu".

"Weye si njo muandikaji wa bitabu?"

"Kitabu kimoja, chef. Na hakijatoka."

"Haizuru. Utuandikie maneno ya radio. Bantu ba kule banyamaze asubuhi, malori yetu ikiwa kazini. Ngoma banyamazishe, na binu. Fupi, unasikia? Hapana kutuletea roman, kitabu kizima."

Nilirudi mezani nikaandika. Aliniomba vitu viwili, ngoma na vinu. Lakini sentensi yenye viwili tu ilichechemea masikioni mwangu. Katika mikutano yetu ya Jumamosi tulikuwa na imani kwamba sentensi inasimama kwa mguu wa tatu, na mimi nilikuwa muumini mkubwa kuliko wote. Nikautafuta mguu wa tatu. Nikaupata upesi, kama vile ulikuwa unaningoja mlangoni:

"Ndugu zetu, ardhi yetu ina neno, nasi tunataka kulisikia. Malori yakipita, tuipe kimya chetu. Ngoma zisubiri, vinu visubiri, vilio visubiri, mpaka ardhi imalize kusema."

Nilisoma kwa sauti, nikasikia nywele za mikono zinasimama. Sikufikiri kwamba katika nchi ile kubwa, katika wiki zile, mtu angeweza kufa. Nilifikiri juu ya mapigo ya sentensi. Chef alisoma, akatafuna, akasema, "Muzuri. Inalia kama misa," na tangazo likaenda redioni, na wasaidizi wetu wa vijijini walilizungusha pia kwa vipaza sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiluba.

Rekodi za kwanza zilipofika Golf, kulikuwa na mistari iliyotushangaza. Ilipita karibu kabisa na kijiji kimoja, mahali ambapo tulitegemea kelele za kila namna, na ilikuwa safi kama shuka la hospitali. Asubuhi moja hasa. Hakuna kinu, hakuna hatua za watu, hakuna hata mtoto anayekimbia. Mwangwi wa mawe ya chini ulionekana wazi, mkunjo mzuri wa tabaka uliopinda kama mgongo wa paka. Chef aliikuza picha ile na kuwaonyesha wageni.

"Angalieni! Kijiji kizima, na hapana sauti. Njo ile mutoto yetu aliandika, bakasikia."

Nami nilisimama pembeni nikiona haya ya furaha. Nilijua kile kijiji. Kilikuwa cha mama. Babu yangu alitoka huko kuja kujenga reli, na dada mkubwa wa mama, ninayemwita mama mukubwa, alirudi huko na mume wake, mstaafu wa reli pia, waliposhindwa kuishi mjini bila mshahara. Niliuona wavu wetu umepita juu ya paa lao, nikakumbuka samaki wao wa moshi, nikaendelea na kazi. Hapakuwa na simu inayoshika kule.

Mama mukubwa alifika Bel-Air mwezi wa tisa, miti ya jakaranda ikianza kuchanua. Nilitoka kazini nikamkuta ameketi katika sebule ya mama, chini, mkekani, ingawa viti vilikuwa vitupu. Alivaa kitenge cheusi kilichofifia. Nilipoinama kumpa mkono, aliurudisha wake nyuma.

"Hapana, mwana. Usinishike kwanza."

"Papa yako mukubwa hayuko tena," mama akasema kutoka jikoni. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ni tangu mwezi wa sita."

Tangu mwezi wa sita, na sisi hatujui! Nikauliza mbona hatukuitwa kwenye kilio, kwenye matanga yake. Kwetu habari ya kilio inapita hata pasipo na barabara. Atakuja mwenye baiskeli, atakuja padri, atakuja mchuuzi wa samaki.

"Kilio haikuwa," mama mukubwa akasema.

Alieleza polepole, kama mtu anayesimulia habari za nyumba nyingine. Mumewe alikufa alfajiri. Malori yalikuwa yananguruma upande wa mto. Kule hakuna chumba cha maiti, kwa hiyo walimzika siku ileile. Mkuu wa kijiji na katekista walikaa, wakasema tangazo ni wazi. Walimbeba kwa miguu mitupu. Wanawake waliuma vitambaa vya vichwa. Watoto walipelekwa mbali, kwenye mashamba.

"Hata weye haukulia, yaya?" mama akamwuliza dada yake.

"Niliweka udongo mu kinywa."

Nilikuwa bado sijaelewa. Nilikuwa nimekasirika, nakumbuka, nikitafuta wa kumlaumu, na nikauliza ni tangazo gani hilo la kipumbavu. Mama mukubwa alinyoosha mgongo. Akafumba macho, akasoma kwa moyo, bila kukosea hata neno moja, kwa mapigo yaleyale niliyoyapima mezani Golf: ndugu zetu, ardhi yetu ina neno.

Nitasema ukweli juu ya dakika ile, kwa kuwa ndiyo inayonirudia. Kabla ya aibu, nilisikia furaha. Hakuna mtu aliyewahi kushika maneno yangu kwa moyo. Marafiki zangu wa Jumamosi walikuwa wakisahau sura za riwaya yangu kabla ya kumaliza chai. Na hapa mwanamke asiyesoma gazeti alikuwa akinitamkia kila koma. Furaha ile ilidumu mpaka alipofika "vilio visubiri", na alipofika hapo sauti yake ikateremka kwa heshima, kama mtu anayetaja amri ya kanisa.

"Ni miye niliandika," nikasema.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mama mukubwa aligeuka kunitazama. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: alishusha pumzi, kama mtu aliyekuwa akitafuta mlango gizani na mkono wake umegusa kitasa.

"Ah! Basi ni muzuri. Nilikuya kutafuta muntu huyo, na kumbe ni mwana wetu."

Hakuja Lubumbashi kupumzika wala kulalamika. Alitumwa. Malori yalipoondoka, ngoma zilirudi na vinu vilirudi, maana hakuna anayeomba ruhusa ya kula. Lakini kilio si unga. Wazee wa upande wa mume walikataa kukianza. Walisema mtu aliyekiambia kisubiri hakurudi kusema ardhi imemaliza, na kilio kilichofungwa na mtu hakifunguliwi na mwingine. Kikifunguliwa na mwingine kitatafuta maiti nyingine ya kukijaza. Mpaka kilio kiwe, mama mukubwa hawezi kuoshwa ujane. Na mjane asiyeoshwa hampi mtu mkono, hapiki chakula cha wengine, anakaa mkekani.

"Kianze," nikasema upesi. "Mama mukubwa, miye nasema: kilio kianze."

Alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Hapa? Ulifungia hapa, mu sebule ya mama yako? Ulifungia kule, bantu bote bakasikia. Kwenye ulifungia, njo utafungulia."

Mama aliongeza, bila kunitazama, "Na ufanye mbio. Bale ba malori banarudia tena kule. Radio inaanza kusema ile ile."

Hilo nililijua kuliko yeye. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesaidia kuchora mistari ya kujaza. Upande wa mto picha yetu ilikuwa nyembamba, kila kipande cha chini kimeonwa kutoka pembe chache mno, kwa hiyo malori yalirudishwa kabla ya mvua, na sentensi yangu ilirudishwa pamoja nayo. Mvua zingeanza karibuni, barabara zingekatika. Kama kilio kisingekuwa sasa, mama mukubwa angekaa mkekani mpaka kiangazi kingine.

Kesho yake niliingia kwa chef. Alikuwa mbele ya ramani.

"Chef, naomba laini za kijiji kile zisimame siku moja. Kuna kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya papa yangu mukubwa."

"Oh. Pole sana, mama. Alikufa lini?"

"Mwezi wa sita."

Akageuka. "Muntu anakufa mwezi wa sita na munamulilia leo? Alikuwa anangoja transport?"

"Alikuwa anatungoja sisi," nikasema, na nikamwonyesha kwenye kioo ile asubuhi safi, ile aliyokuwa akiwaonyesha wageni. Nikamwambia ni nini alichokuwa akikisifu.

Mkono wake wenye karanga ulibaki hewani. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kumwandika kama mtu mbaya, ingenisaidia. Aliangalia picha, akaniangalia, akaangalia picha tena. Kisha akaanza kusema habari za kazi, kwa kuwa ndiyo lugha aliyokuwa nayo. Siku moja ya kikosi cha malori si kitu kidogo. Na tukiruka pale, kwenye picha tutakuwa na shimo, shimo lenye umbo la kijiji.

"Tunaweza kulijaza kwa hesabu," nikasema. "Kutoka kwa majirani."

"Kujaza kwa hesabu ni kukisia. Kompyuta itaandika kile inafikiri ardhi ingesema, kama ingesema. Unapenda hivyo?"

Nilikuwa nimefanya vibaya zaidi ya kompyuta.

Alitafuna karanga moja, akaandika kitu kwenye ramani, akafuta, akaandika tena.

"Enda. Jumamosi banabadilisha magari, nitabaweka bapumuzike pale. Siku moja, hapana nyingine. Na tangazo, nitabaambia ba radio bakate ile neno ya vilio."

Laiti ingekuwa rahisi hivyo, kukata neno. Niliondoka na mama na mama mukubwa katika gari la kikosi lililokuwa linapeleka vipuri. Njiani mama alisali rozari. Mama mukubwa alilala akiwa ameketi, mkono wake ukiwa mbali na wangu, na kila gari liliporuka shimo nilitaka kuushika.

Kijiji kilijua tunakuja, na nani anakuja; habari yetu ilikuwa imetangulia na mchuuzi wa samaki. Kabla ya nyumba ya kwanza, kamba ilikuwa imefungwa barabarani, kutoka mti hadi mti. Chini yake, kwa mstari ulionyooka vizuri, kulikuwa na magunzi ya mahindi yamechomekwa ardhini kama jiofoni zetu. Mwanaume mmoja mnene alikuwa ameweka magoti na mikono ardhini, akitikisa makalio na kunguruma kama lori. Mwanamke wa makamo, kofia ya plastiki kichwani na kidole midomoni, alitukimbilia.

"Shhh! Zimeni gari! Ardhi iko inasema!"

Hawa walikuwa bajukulu, wajukuu wa marehemu, wa damu au wa ukoo tu, na watani wake. Kwetu katika kilio hao ndio wenye haki ya kucheza, kumtukana maiti, kufunga njia, kumtoza faini yeyote, hata padri. Hukasiriki nao. Ukikasirika unalipa mara mbili.

"Njo huyu?" mwenye kofia akauliza, akinizunguka. "Huyu njo alitufunga kinywa? Hivi mudogo?"

"Kinywa yake yenyewe ni kidogo," lori likasema kutoka chini. "Lakini inakula kijiji."

"Mama, muntu anaumwa na tumbo hapa, anaweza kulia? Ao unaandika kwanza?" mwenye kofia akaniuliza mimi.

Watu walicheka. Mama yangu pia alicheka, akijificha kwa kitambaa, na niliona kwamba alikuwa akingoja kucheka tangu Bel-Air. Mwenye kofia akaweka gunzi moja karibu na mdomo wangu.

"Utuambie tu kitu kimoja. Babu yetu alingoja. Bibi yetu iko anangoja. Ile ardhi ilisema nini?"

Wakanyamaza wote, kweli. Hata lori liliacha kunguruma. Nilikumbuka mkunjo ule mzuri, mgongo wa paka. Mkunjo wa namna hiyo unaweza kushika mafuta. Unaweza pia kushika maji ya chumvi, au kutoshika chochote. Atakayejua ni mchimbaji, miaka ijayo, kama atakuja.

"Hatujui bado," nikasema.

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena popote. Mwanaume mnene alijilaza kabisa mavumbini. "Habajue bado!" akapiga kelele. "Babu, unasikia? Bado habajue! Ulale tu!"

Walikata kamba. Walituongoza hadi uani kwa marehemu, wakitembea kwa ncha za vidole, wakinyamazisha kuku. Mama mukubwa aliketi mkekani mbele ya mlango alimotolewa mumewe. Wazee wa upande wa mume walikuwa upande wa pili, hawakucheka. Mmoja wao alinipa ishara ya kidevu.

Usiku wote wa kabla yake nilikuwa nimetafuta maneno. Yalikuja mengi, mazuri, yenye miguu mitatu. Niliogopa yote. Nikasema tu, "Ardhi imemaliza. Kilio kianze." Na hilo lilikuwa uongo. Ardhi haikuwa imemaliza. Malori yalikuwa yamelala nyuma ya kilima cha jirani, na Jumatatu yangeamka. Mzee aliyenipa ishara alijua hivyo, kila mtu alijua. Alikubali kwa kichwa, kwa sababu kilichotakiwa ni mimi kusimama pale na kulisema.

Mama mukubwa hakuanza mara moja. Alifungua mdomo na hakikutoka kitu, kama bomba ambalo maji yamekatwa kwa miezi. Kikaja kwanza kikohozi. Kisha sauti nyembamba. Kisha ikaja yote, na wanawake wakainuka nayo, na mama yangu akajitupa chini karibu na dada yake, na ngoma ikaingia, na uani pote pakawa na kilio cha mtu aliyeondoka mwezi wa sita.

Nami nilimpenda papa mukubwa. Alinifundisha kuhesabu mabehewa. Nilivuta pumzi ili nilie, nikasikia kidole kimewekwa juu ya midomo yangu. Ni yule mwenye kofia. Hakuwa anacheka tena.

"Weye, hapana. Hii njo amende yako, faini yako. Machozi unaweza. Sauti, utaiacha."

"Mpaka lini?" nikanong'ona.

Akaangalia umati, akafikiri kwa haki kabisa, kama hakimu.

"Mpaka tumalize."

Akakaa karibu nami, bega kwa bega, kunilinda. Jua lilipanda juu ya uwanja. Kila aliyefika aliingia akilia kwa sauti, akalitaja jina la marehemu, akataja reli, akataja deni la tumbaku alilomwachia, akapewa nafasi. Mimi peke yangu nilikaa kimya. Machozi yalinitoka mpaka shati likalowa, na kila pumzi ilipotaka kugeuka sauti niliirudisha ndani. Iliuma mahali nisipopajua. Alasiri nilimgeukia mlinzi wangu kwa macho, kumwuliza kama imetosha. Alisikiliza kilio kwanza, kichwa ameinamisha.

"Bado," akasema. "Leo njo kinaanza."